Mwenye Gari ni Nani? Uainishaji wa Wamiliki wa BMW 507, Kama Unavyoonekana Kutoka Nzilo

Wataalamu wa magari ya kale ya michezo wana ibada yao. Kabla ya kuuliza kama gari linakwenda, wanauliza namba ya chesisi, namba ya injini, na kama hizo mbili zilizaliwa pamoja. Halafu wanapanga majina ya wamiliki katika foleni moja, kuanzia mlango wa kiwanda hadi mnadani, kila mtu na miaka yake, bila wawili kugusana. Huko Munich utaratibu huo unatosha. Kandokando ya ziwa la Nzilo, kaskazini ya Kolwezi, Kongo, hautoshi hata kueleza baiskeli ni ya nani. Makala haya yanakusudia kuusaidia.

Mbinu yetu ni ya garaji za chini ya mwembe. Mwulize fundi, "Papa, hii motokari ni ya nani?" Hatakutajia jina. Atakuuliza, "Kipande gani?" Boneti ni ya mjane mmoja wa Musonoi, giaboksi imewekwa rehani na mtu wa Manika, betri imeazimwa hadi Jumapili, na magurudumu mawili ya nyuma ni ya fundi mwenyewe mpaka alipwe. Mwenye jina kwenye karte roze, hati ya usajili wa gari, yupo pia. Amekaa kwenye kigoda pembeni, na katika mkutano huo ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote.

Kielelezo ni BMW 507 yenye chesisi namba 70079. Aina hii ilichorwa na Albrecht von Goertz, ikaoneshwa New York mwaka 1955 na kutengenezwa hadi 1959, takriban magari 250 tu. Max Hoffman, mwagizaji wa magari huko Marekani, alitaka kila gari liuzwe kwa dola 5,000 hivi. Lilipofika sokoni bei ilikuwa imekaribia mara mbili, na kila gari lililotoka liliitia kampuni hasara. Desemba 1959 BMW ilinusurika chupuchupu kumezwa na Daimler-Benz. BMW basi tuiite mmiliki-hasara, tuiache. Jamii yake inajulikana vizuri hapa jimboni Lualaba na haihitaji utafiti.

Mwishoni mwa 1958 gari letu namba 70079, jeupe, ambalo Hans Stuck alikuwa amelishindanisha katika mbio za milimani, likachukuliwa na Elvis Presley, wakati huo askari wa Marekani kambini Friedberg. Wasichana wakawa wanalijaza mabusu ya lipstiki, hadi akaamuru lipakwe rangi nyekundu ili alama zisionekane. Historia rasmi inaandika hapo jina moja tu. Sisi tunasema: anayesababisha gari zima kubadilishwa rangi ana hisa katika rangi. Hawa ni wamiliki-midomo. Walikuwa wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kudai gawio.

Baadaye likavuka bahari, likafika Alabama kwa Tommy Charles, mtangazaji wa redio, aliyeng'oa injini yake ya alumini, akapachika ya Chevrolet, akaenda nayo mashindanoni. Wataalamu wakilisoma jambo hili hushika vichwa. Fundi wa mwembeni hushangaa wanalia nini, maana gari lilitembea.

Tabaka lenye utajiri mkubwa wa data ni mmiliki-kesho. Jack Castor, mhandisi wa vyombo vya anga, alilinunua California mwaka 1968, na hatimaye akalihifadhi kwenye ghala la maboga akiwa na nia ya kulitengeneza. Nia hiyo ilidumu zaidi ya miaka 40. Kolwezi haina mtaa usio na Castor wake: gari juu ya matofali, mihogo imeota palipokuwa gurudumu, kuku anataga kwenye kiti cha dereva. Ukithubutu kutaja bei unaambiwa haliuzwi, linasubiri kipande kimoja tu, nacho kiko njiani kutoka Dar es Salaam kupitia Kasumbalesa tangu enzi za Mzee Kabila. Wachumi hudhani gari la namna hii limetelekezwa. Wakae hapo hadi saa kumi jioni, wamwone mwenyewe akitoka na fimbo kuwafukuza watoto waliokaa juu ya boneti.

Na Castor alishinda hoja. Mwaka 2014 gari likapelekwa Munich, BMW wakalijenga upya kwa miaka miwili, wakaunda injini kutokana na vipuri vya asili, vitasa vya milango vikachapishwa kwa mashine ya 3D, na Agosti 2016 likasimama Pebble Beach jeupe pepepe. Castor alikuwa amefariki Novemba 2014. Kufa kabla ya kipande kufika ni dalili ya kawaida ya tabaka hili.

Hadi hapo tumetembea na wataalamu. Sasa tunawaacha, kwa kuwa wao huanza kuhesabu mlangoni mwa kiwanda, nasi tunaanzia chini ya ardhi.

Sheria ya Bakajika ya 1966 iliipa serikali ya Kongo ardhi yote na kilichomo ndani yake. Unaweza kuwa na nyumba. Kilicho chini ya sakafu si chako. Mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, uliifanyia sheria hiyo mtihani mwaka 2014, pale mtu aliyekuwa akichimba shimo la choo alipokuta kobalti. Muda si mrefu sebule zikawa midomo ya mashimo: juu mwenye nyumba anakula ugali, chini wachimbaji wanapenya hadi chini ya kitanda cha jirani, na nje mnunuzi anangoja na mizani. Muulize yeyote kati yao mali ni ya nani. Atakuuliza, kipande gani.

Basi turudi kwenye gari. Katika miaka ya 1950 zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia ilitoka Katanga, eneo letu hili, mikononi mwa kampuni ya Union Minière, na vali za kutolea moshi za injini kali za enzi hizo mara nyingi zilivikwa aloi ya kobalti zisiungue. Radieta ilikuwa ya shaba, dinamo ya shaba, waya wa taa na wa honi vilevile. Shaba hiyo ilisafishwa kwa umeme, na umeme ulitoka kwenye mabwawa kama hili la Nzilo, megawati 108, lililoanza kufanya kazi mwanzoni mwa muongo huo likiitwa Delcommune, jina la Mbelgiji aliyepita hapa akitafuta njia. Wapinzani watasema mwili wa 507 ni alumini, na Katanga haichimbi alumini. Kweli. Mwili tunawaachia. Tunadai honi.

Ushahidi wa kimaabara ni mgumu, maana waya wa shaba ukishayeyushwa hausemi umetoka shimo gani. Lakini ugumu huohuo unamkabili mwenye gari: naye hawezi kuonesha kwamba hatudai kwa haki.

Huyu ndiye mmiliki-chini, asiyeandikwa kwenye cheti chochote. Hivi karibuni, hata hivyo, amepata kutambuliwa kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 2019 BMW ilitangaza kwamba kuanzia 2020 kobalti ya betri za kizazi chake kipya itanunuliwa moja kwa moja Australia na Moroko, wala si Kongo. Wakati huohuo kampuni hiyo ilishiriki mradi wa majaribio hapahapa Kolwezi, kuboresha kazi za wachimbaji wa mikono. Mtu hamkatai asiyemjua. Tangazo hilo, kisheria, halirudi nyuma: linahusu betri zijazo, halitaji vali za gari la 1957, wala honi.