Mkulima Hodari wa Kambale

Nina kesi na watu wanaoandika wasifu wa marehemu. Mtu akishafumba macho, wanamvika kazi ambayo hakuwahi kuifanya. Babu yangu wa Kasulu walimsomea "mkulima hodari wa maharage". Sisi wajukuu tuliopalilia maharage hayo tukainamisha vichwa kuficha kicheko. Waombolezaji wakadhani tunalia.

Mzee yule alikuwa mvuvi. Jembe alilishika, sikatai, ila alikuwa anachimba nyungunyungu wa chambo. Kopo likijaa, anamuaga bibi kwamba anakwenda Kibondo kusalimia shemeji zake, anapanda baiskeli, huyoo! Kibondo hafiki. Malagarasi iko njiani.

Na siku zenyewe alijua kuzichagua. Mvua zikikolea mto unafurika, kambale wanapanda mabondeni kutaga. Mvua hizo hizo ndizo zinazootesha magugu. Kambale na palizi, msimu mmoja. Nani alikwenda wapi, jaza mwenyewe.

Ukimuuliza kwa nini asiende Ziwa Tanganyika, anakununia. Wavuvi wa dagaa wanawasha taa usiku wa giza, dagaa wanajileta wenyewe. "Huko si kuvua," anasema, "ni kualika wageni." Mwaka 2000 ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi ilipoingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya kwanza Tanzania, mwalimu mmoja alimweleza kwa kirefu. Babu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Huyo Ramsar anatumia chambo gani?"

Adha ilianza akirudi. Kambale hafi upesi, hata nje ya maji anapumua. Ndoo ikimwagwa uani, dude lenye sharubu linajiburuta hadi jikoni, bibi keshapanda juu ya meza na mwiko mkononi. Baadaye tunakula ugali wa muhogo huku tukisimuliwa yule mkubwa aliyekata mshipi. Maana mkubwa siku zote ndiye aliyekata.

Sasa baba wakubwa na baba wadogo wanagombea shamba. Kila mmoja anaapa kwamba jasho la mzee halitapotea bure. Jasho gani? La shambani ni letu. La mzee lilidondokea Malagarasi, na Malagarasi inamwaga maji yake Ziwa Tanganyika, huko huko alikokudharau. Anayetaka urithi aanzie huko, na taa abebe.