Gitaa Katika Tundu la Maikrofoni

Mpiga gitaa la umeme anayenunua kiunganishi cha bei ya chini, chenye tundu la milimita 6.35 upande mmoja na plagi ya 3.5 upande wa pili, na kukichomeka penye maikrofoni ya kompyuta, huamini kwamba amewazidi ujanja wauzaji wa kadi ya sauti ya nje, yaani kifaa kinachopokea mawimbi dhaifu ya gitaa na kuyageuza kuwa tarakimu. Kompyuta, kwa adabu zake, haimkatalii: humrudishia sauti iliyofifia kama ya mtu aliyejifunika blanketi, tena, ikiwa bafa, yaani ghala dogo la sampuli zinazosubiri kuchakatwa, imewekwa 1,024 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, huichelewesha kwa takriban milisekunde 23 kabla hata ya safari ya kurudi, hivyo nyuzi zenyewe, ambazo hazijawahi kusoma mwongozo wowote, humfikia sikioni kwanza.