Kupandisha Tovuti Mjini Moshi: Uchambuzi wa Ajali Ndogondogo

Kuhamisha faili za tovuti ni kazi ya kuchukua kurasa, picha na orodha za bei zilizoandaliwa katika kompyuta ya ofisini na kuzipeleka kwenye seva, yaani kompyuta isiyozimwa inayowahudumia wasomaji popote walipo. Na kwa kuwa kazi hiyo ikielezwa hivi huonekana nyepesi, kampuni ndogo ya utalii mjini Moshi haioni ubaya kumkabidhi mpwa wa mwenye kampuni, ambaye sifa yake kuu ya kitaalamu ni kwamba aliwahi kumrekebishia mjomba simu. Msimu wa shughuli hii ni masika, kati ya Machi na Mei, wakati njia za Machame na Marangu za kupanda Mlima Kilimanjaro zimejaa matope, wageni ni wachache, na bei mpya zinatakiwa ziwe hewani kabla ya Juni.

Itifaki ya kazi hii, yaani kanuni ambazo kompyuta mbili huzifuata ili zielewane, hujulikana kwa herufi FTP. Ilipendekezwa na Abhay Bhushan mwaka 1971 na kupata sura inayofahamika hadi leo mwaka 1985. Miongoni mwa programu zinazoitumia ni FileZilla, ambayo hutolewa bure na ilianzishwa na Tim Kosse na wenzake mwaka 2001. Programu hiyo huigawa skrini pande mbili, kompyuta ya mtumiaji ikiwa kushoto na seva ikiwa kulia, mpangilio unaomfaa sana mtu anayeweza kutofautisha kushoto na kulia hata baada ya saa sita usiku.

Ajali ya kwanza hutokana na mpangilio huohuo. Mpwa aliyechoka huburuta folda kutoka kulia kwenda kushoto, programu humuuliza kwa upole kama anataka faili zilizopo zifunikwe, naye, ili asisumbuliwe tena, huweka alama ya kutumia jibu hilo kwa faili zote. Bei za mwaka jana hushuka kutoka kwenye seva na kuzifuta bei mpya alizozichapa masika nzima. Mwishoni programu hutangaza kwamba uhamisho umefanikiwa, na katika hilo haisemi uongo hata kidogo.

Ajali ya pili ni ya mahali. Seva nyingi huwaonyesha wasomaji folda moja tu, ambayo mara nyingi huitwa public_html, na kilichowekwa nje yake hakionekani kabisa, ilhali kilichotumbukizwa ndani ya folda nyingine humo humo huonekana na yule tu anayeijua anwani yake kamili. Kwa hiyo folda iitwayo "tovuti mpya ya mwisho kabisa 2" ikiingizwa nzima nzima, hukaa humo salama kama mgeni asiyekaribishwa sebuleni, na dunia huendelea kusoma ukurasa wa zamani. Wapagazi wa Kilimanjaro hupimiwa mzigo getini usizidi kilo 20, na anayeutua kwenye kambi ya kampuni nyingine hupigiwa kelele papo hapo. Faili haina wa kuipigia kelele.

Ajali ya tatu ni ya herufi. Kompyuta za Windows kwa kawaida huichukulia "Kibo.JPG" na "kibo.jpg" kuwa faili moja, lakini seva nyingi huendeshwa kwa Linux, ambako herufi kubwa na ndogo hutofautishwa bila huruma, hivyo picha iliyoonekana vizuri ofisini hugeuka kuwa kisanduku kitupu ikishafika. Inaweza kudaiwa kwamba hiyo ndiyo picha ya kweli zaidi ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, maana wageni wengi hushinda Moshi mchana kutwa wakitazama mawingu tu, lakini hoja hiyo haijapata kumridhisha mjomba yeyote.

Ajali ya nne ni ya kukatika njiani. FTP hutumia njia mbili, moja ya amri na nyingine ya mzigo, na ya pili inaweza kufa huku ya kwanza ingali hai, ndiyo maana skrini huonekana tulivu wakati hakuna kinachosogea. Picha zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera huwa nzito na hula bando haraka. Bando likiisha au umeme wa Luku ukikatika katikati ya ukurasa wa mwanzo, seva huweza kubaki na ukurasa wenye baiti sifuri, na tovuti nzima huwa nyeupe kuliko theluji ya Kibo. Kuhusu usalama, itatosha kusema kwamba FTP ya asili hupitisha nywila wazi, bila kuificha kwa msimbo kama SFTP ifanyavyo, ingawa nywila yenyewe ikiwa ni jina la mlima likifuatiwa na 5895, urefu ambao kila mtoto wa shule ya msingi mkoani anaujua, kuificha njiani hakusaidii sana.

Ajali ya mwisho huzuka pale kazi ilipofanywa vizuri. Kivinjari huhifadhi nakala ya ukurasa ili kisiupakue upya, kwa hiyo mjomba huziona bei za zamani kwenye simu yake huku mpwa akiapa, "Zimeshapanda, mjomba, fungua upya," na wote wawili wana ushahidi mkononi. Zamani mjomba akiongoza wageni mlimani mpwa alipata siku kadhaa za amani. Lakini Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania lilizindua intaneti ya kasi hadi kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na tangu hapo lawama huweza kushuka kutoka juu ya mawingu.

Ajali zote hizi zina asili moja, nayo ni kuamini kwamba kilichofika kimefika mahali pake, ilhali mashine hutoa taarifa ya kile ilichoamriwa tu, si kile kilichokusudiwa. Dawa yake ni kutunza nakala ya faili kabla ya kugusa chochote, kisha kuifungua tovuti kwa simu ya mtu mwingine, ikiwezekana jirani asiye na upole. Uhakiki huo hugharimu dakika chache na bando kidogo. Kuuruka hugharimu tofauti kati ya bei ya mwaka jana na ya mwaka huu kwa kila mgeni aliyekwisha kulipa, na tofauti hiyo mjomba huihesabu kwa dola.