Barua ya Wazi kwa Bwana Mark: Tuonyeshe Namba ya Wakala

Kwa Bwana Mark Zuckerberg,
Kampuni ya Meta,
Menlo Park, California.

KUH: MAWAKALA WAKO WASIO NA VIBANDA

Bwana Mark,



Sisi wa Mtongwe, Mombasa, tunakukumbuka vizuri. Septemba 2016 ulitua Nairobi bila tarumbeta, ukaandika kwamba umekuja kukutana na vijana wa teknolojia na kujifunza mambo ya pesa za simu, ambazo Kenya ndiyo bingwa wake duniani. Ukaketi kwenye mgahawa wa Mama Oliech ukala samaki na ugali. Hatuna kinyongo kwamba hukuteremka Pwani. Samaki wa ziwani naye ni samaki, japo kwa shida. Kinachotutatiza ni lile somo la pesa za simu. Tunashuku ulitoka darasani mapema.

Wakala wa M-Pesa wa hapa Mtongwe ana kibanda. Kibanda kimepakwa rangi ya kijani, na ubavuni pameandikwa namba yake, kubwa kiasi cha kusomwa na mtu aliye ndani ya matatu. Ukienda kutoa pesa anakuomba kitambulisho hata kama mlisoma madrasa pamoja. Ujumbe unaingia kwako, unaingia na kwake. Akikudhulumu unajua pa kumpata, na usipompata yeye utampata mamake, ambaye ni balaa zaidi. Tangu 2007 mfumo huo umekuwa na kero zake, lakini hakuna anayempa pesa wakala asiye na namba.

Sasa tuje kwa wakala wako, yule wa matangazo.

Tuseme kuna bibi hapa Mtongwe anayeuza udi, manukato na madera. Anafungua ukurasa wa Facebook, anapiga picha ya chetezo kinachofuka moshi, anaweka tangazo la kulipia la shilingi mia tano. Kadi ni ya mtandaoni, pesa katumiwa na mwanawe aliye Doha, na simu ni ya mpwawe. Mitambo yako inaona Doha, inaona Mombasa, inaona moshi, inamfungia: shughuli zisizo za kawaida. Bwana Mark, hapa Mtongwe nyumba isiyo na mtu Doha, Riyadh wala Muscat ndiyo isiyo ya kawaida.

Bibi anakata rufaa. Anapiga picha kitambulisho, mbele na nyuma. Jibu linarudi hata simu hajaiweka chini: uamuzi ni wa mwisho.

Hapo ndipo anapozuka kijana wa Telegram. Jina lake ni herufi na tarakimu, picha yake ni simba aliyevaa miwani. Mama, anamwambia, achana na akaunti yako ya kimaskini, nikukodishe akaunti ya wakala. Hii imefunguliwa chini ya kampuni ya matangazo iliyo mbali huko, yenye mkataba na wenye mtandao. Yenyewe hutangaza kwanza na kulipa ankara baadaye. Haina kile kikomo cha dola chache kwa siku wanachowekewa wageni. Haifungwi ovyo, na ikifungwa, wakala anaye mtu wa kuzungumza naye huko kwenu. Anapewa nyingine, salio linahamishwa, maisha yanaendelea. Bibi yeye atalipa kabla, tena kwa sarafu za kidijitali za USDT ambazo mpwawe itabidi amnunulie, na kila akijaza salio simba anakata asilimia yake. Kumbukumbu zote za nani alibonyeza, nani alinunua udi na nani alipita tu, zinabaki kwenye akaunti ya watu. Siku simba akifuta jina lake Telegram, bibi ana chetezo chake tu.

Si mawakala wote ni simba wenye miwani. Wapo wenye ofisi, wafanyakazi na kibali chako, wanaoendesha matangazo ya benki na ya soda, na kazi wanaijua. Ila kibali hicho hakifiki Mtongwe kikiwa kizima. Kinachofika ni kile kilichokodishwa, kikakodishwa tena.

Wala usidhani neno wakala linatushtua. Ukisimama Mtongwe ukatazama ng'ambo, unaona kreni za bandari ya Kilindini. Gari lako likishushwa pale huwezi kulitoa kwa mkono wako. Mamlaka ya mapato, KRA, inataka uwe na wakala wa forodha mwenye leseni. Msichana akienda Saudia kufanya kazi, wakala. Kiwanja, dalali. Tumelelewa mikononi mwa mawakala. Lakini bandari haijawahi kutudanganya kwamba mbele ya kreni watu wote ni sawa.

Novemba 2025 shirika la habari la Reuters lilichapisha yaliyomo katika nyaraka zenu za ndani. Mlikuwa mmekadiria kwamba karibu asilimia 10 ya mapato yenu ya 2024, kama dola bilioni 16, yangetokana na matangazo ya utapeli na ya bidhaa zilizopigwa marufuku. Msemaji wenu akajibu kwamba nyaraka zile zinaonyesha upande mmoja, na kadirio lilizidishwa. Haya, tukate nusu. Hata kwa nusu hiyo, daraja la Likoni tunaloahidiwa kila uchaguzi lingejengwa na chenji ikabaki.

Kilichotuchoma zaidi ni hesabu nyingine. Kwa mujibu wa nyaraka hizo, mtangazaji mdogo ilibidi atuhumiwe kwa utapeli wa fedha angalau mara 8 ndipo afungiwe, na baadhi ya wakubwa waliweza kupitisha makosa 500 na bado wakatangaza. Mitambo isipokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba huyu ni tapeli, haimfungii. Inamtoza bei ya juu. Mara 8, Bwana Mark! Laiti bibi yetu angetangaza mradi wa kuzidisha pesa maradufu badala ya udi, leo angekuwa na nafasi 7 mkononi.

Mwezi uliofuata ikaja habari ya China. Huko Facebook yenyewe imezuiwa, lakini kampuni za huko huwatangazia walimwengu kupitia mawakala, na 2024 biashara hiyo iliwaingizia zaidi ya dola bilioni 18. Nyinyi wenyewe mlikadiria kwamba asilimia 19 ya fedha hizo zilitokana na utapeli, kamari haramu, ponografia na uchafu wa namna hiyo. Tukaelewa mbona simba haogopi.

Na unapenda sana kuwa mbali. Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja machapisho yenu ya kutisha jijini Nairobi akiwa ameajiriwa na kampuni ya Sama, alipowashtaki 2022, mlidai mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yenu, kwa kuwa hamna makao hapa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema mnaweza kushtakiwa. Ajabu ni kwamba huyo asiyekuwepo Kenya, tangu 2021, anaijumlisha kodi ya VAT ya asilimia 16 kwenye tangazo la shilingi mia tano.

Ombi letu ni dogo. Kila tangazo lililopita kwa wakala lioneshe namba ya wakala huyo, kubwa, kama ubavuni mwa kibanda, na namba hiyo ukiitafuta ikupeleke kwenye jina, ofisi na mji. Anayekodishwa akaunti apewe risiti na kumbukumbu za wateja wake. Kama hilo ni zito kwa kampuni ya ukubwa wenu, tuleteeni binadamu mmoja wa kusikiliza rufaa. Kibanda tutamtafutia, kodi ya Mtongwe si kali. Na hilo nalo likishindikana, basi bandikeni bei ukutani, ili bibi ajue ni kuanzia dola ngapi mtu huacha kuwa mshukiwa akawa mteja.

Tunangoja jibu. Tafadhali usilitume kwa wakala, maana litatufika likiwa limekatwa asilimia.

Ni sisi,
Wenye vibanda, Mtongwe.