Kinaishia Kifuani

"Hiki kinaishia kifuani, ami," aliniambia kijana muuza miche wa kando ya barabara, hapa Unguja, akinikabidhi kopo la maziwa lenye kijiti na majani manne. Kifua cha nani, hakusema. Jina la mti nalo hakulisema: "Ua hilo. La kunukia."

Kikapandwa chini ya dirisha la chumbani. Kikafika kifuani kweli, kikapita bila hata kupiga hodi.

Hapo ndipo wajuzi walipojitokeza. Shangazi alifikicha jani, akanusa, akatangaza: mstafeli. Jirani akabisha, huo mtopetope, anao uwani kwake tangu utoto. Mjomba, aliyewahi kufanya kazi za bustani Dar es Salaam na hatuachi tukasahau, akaapa kuwa ni mwashoki. Watu wazima walinuniana kwa ajili ya jani.

Mti wenyewe ndio uliokata shauri. Ulitoa maua yanayoning'inia, petali sita nyembamba, kijani kwanza kisha manjano, na usiku harufu ikatufuata mpaka kitandani. Mlangilangi! Uhondo ni kwamba mstafeli, mtopetope na mwashoki wote ni ukoo mmoja na mlangilangi. Wajuzi wangu walikosea mlango tu, nyumba waliipata.

Tatizo ni urefu. Mlangilangi ukiachiwa hufika mita 20, hata zaidi. Upo pia ule mfupi wa kichaka, usiozidi mita 2 hivi. Nadhani ndio aliokuwa akiuota yule kijana. Wenzetu wa Komoro, ambao mafuta ya maua haya ni biashara yao kubwa, hawangoji muujiza: hukata kilele mti ungali mdogo na kuyainamisha matawi, mchumaji afike asubuhi na mapema, achume akiwa amesimama chini. Manukato ya Chanel No. 5, ya mwaka 1921, yana mlangilangi ndani yake, na hakuna aliyevunjika mguu kwa kuuparamia.

Nikapendekeza nasi tukate kilele. Shangazi akaruka: keshapokea oda ya vikuba vya harusi, na maua mazuri yote yako juu ya bati. Basi yachumwe! Kwa ngazi gani? Ngazi anayo jirani, naye haazimi mpaka tukiri, mbele ya mashahidi, kwamba ule ni mtopetope.