Jeneza la Bilauri

Mtoto mmoja wa darasa la nne aliinua mkono juzi Alhamisi akaniuliza, kwa adabu isiyokuwa na kasoro, kama jeneza nililolichora ubaoni ni la mtu mzima au la mtoto.

Nilikuwa nimechora johari. Vumbi la chaki lingali chini ya kucha zangu niandikapo haya, na kila nikilitazama masikio yanapata moto upya, maana swali lile halikuwa la utovu wa heshima, ambalo mtu angeweza kulikemea akaiponya nafsi yake. Lilikuwa swali la mwanafunzi mwenye bidii, atakaye vipimo vikae sawa katika daftari lake. Wenzake sitini na mmoja walikwisha anza kunakili. Mmoja wao, kwa ihsani yake mwenyewe, alikuwa ameongeza misumari.

Niliombwa niwafundishe kuchora vito na kuvitia vivuli hata vionekane vimeinuka kutoka karatasini, nami nikakubali kwa ujuba wa mtu ambaye usiku wa kuamkia siku ile alichora kumi na viwili nyuma ya bahasha na vyote vikamridhisha. Lakini bahasha haina macho. Jiwe nililolichagua ni lile la bilauri, ambalo wenye elimu ya madini huliita kwazi, na umbo lake, kwa mwenye kulisikia tu, ni jepesi: mche wa nyuso sita, na juu yake kilele. Taabu ni kwamba alitazamaye kwa mbele haoni nyuso sita bali tatu, na ule wa katikati, ukimwelekea sawasawa, humwonekea mpana maradufu ya kila mmoja wa jirani zake, ijapokuwa kwa hakika zote zina upana mmoja, kwa sababu zile mbili za kando zimempa ubavu mithili ya mashemeji waliokosana. Ukizichora zote tatu kwa upana mmoja, jiwe hulala chali. Mimi nilizichora kwa upana mmoja, nikidhani nazifanyia insafu. Kisha, nilipoona jiwe limelala, nikataka kuliinua kwa kulitanua mabega na kulipunguza miguu. Ubao haukupungukiwa na kitu ila maiti.

Na fedheha yangu huzidi nikumbukapo kwamba mwanachuoni wa Kidenmaki, Nicolas Steno, alikwisha eleza mwaka 1669 kuwa vipande vya jiwe hili, viwe vinene au vyembamba, virefu au vilivyodumaa, pembe zilizo baina ya nyuso zake zinazolingana ni zile zile daima, nasi twajua kwamba baina ya uso mmoja wa mche na jirani yake hupati ila digrii 120. Jiwe lililokulia gizani tumboni mwa mwamba, bila fundi wala kipimo wala mtu wa kulihimiza, halikosei hata digrii moja. Mimi niliyesimama mchana kweupe na rula ya mbao ya kuazima nilikosea mara tatu, nikashangiliwa.

Nikakimbilia kivuli, kama afanyavyo kila mchoraji aliyeshindwa na mistari. Nikawaeleza kwamba katika chungwa giza huingia polepole kama magharibi iingiavyo, lakini katika kito hakuna magharibi: kila uso una rangi yake moja kutoka ukingo hadi ukingo, na anayevuka ukingo huvuka kizingiti, mguu mmoja uani na mwingine chumba cha giza. Nuru yetu, nikasema, inatoka kushoto juu. Nikaupaka chaki uso wa kushoto ukawa mweupe pepe, wa kati nikaupaka kidogo, wa kulia nikauacha. Wala haikunipitikia, mimi mtu mzima, kwamba ubao ni mweusi na karatasi ni nyeupe, chaki huongeza nuru na penseli huiondoa. Watoto wakafuata kwa uaminifu wote: nilipopaka, wakapaka, nilipoacha, wakaacha. Nilipopita baina ya madawati nikakuta vito sitini na viwili vilivyoangazwa na jua lililochomoza magharibi, jambo ambalo, kama tulivyofundishwa chuoni, ni dalili ya Kiyama.

Nikaamuru wafute. Hapo msichana mmoja, aliyekuwa na chupa ya maji dirishani, akasema kwa sauti ndogo, "Babu, mbona hata hapa mwanga uko upande wa pili?" Nikaenda kutazama. Jua lilikuwa likiipiga chupa kwa kushoto, na nuru, badala ya kukaa huko ilikobisha hodi, ilikuwa imepenya maji ikajikusanya upande wa kulia, iking'aa huko, hata ndani ya kivuli cha chupa mezani mkawa na mstari wa moto. Ndivyo kilivyo kitu chochote kinachopitisha nuru, na ndivyo wachoraji wa vito wavitiavyo vivuli: upande unaopokea jua huachwa na giza na nukta moja ya weupe, na mwanga huwekwa upande wa pili. Darasa zima lilikuwa limepatia. Nilikuwa nimewaamuru wafute haki kwa raba ambazo hawakuwa nazo, wakatumia mate.

Wakaniuliza habari ya tanzanaiti. Nikawaambia ilitambulikana mwaka 1967 huko Mererani, na kwamba haijulikani kuchimbwa mahali pengine popote duniani. Ukiigeuza huku ni buluu, huku zambarau, na kwa upande wa tatu huweza kuwa na wekundu wa kahawia. "Umeishika, Babu?" La. Niliitazama mara moja kupitia kioo cha duka mjini Arusha, hata mlinzi akaja kuniuliza nataka nini, na sikuwa na jibu ambalo lingemridhisha. Kwa miaka mingi mawe hayo yalikwenda Jaipur, India, yakakatwa na mafundi wa huko, yakavaliwa na watu wasioweza kuionyesha Mererani kwenye ramani. Na hawa watoto wa nchi yenyewe wamepewa boksi moja la rangi kwa madawati manne, na buluu imekwisha tangu Machi. Sina mzaha wa kutia hapa.

Jana nilileta fuwele za shabu nilizozigandisha mwenyewe bakulini, zenye nyuso nane kamili. Zikalambwa.

Niliporudi nyumbani ile bahasha ilikuwa ingali mezani. Mke wangu akaiokota, akaigeuza, akavitazama vito vyangu kumi na viwili kimoja baada ya kimoja, kisha akaketi polepole kitandani na kujifunika kanga kichwani.

"Innalillahi," akasema. "Basi la wapi?"