Ng'ombe Hasemi Asante

Binadamu akitibiwa ovyo na mgeni aliyetoka mbali, bado atasema asante. Ndiyo adabu yetu, na huko Lushoto, kwenye milima ya Usambara, adabu hiyo huambatana na chai. Ng'ombe hakulelewa hivyo. Akidungwa vibaya hurusha teke papo hapo, na teke hilo ni tathmini ya mradi isiyohitaji fomu. Ndiyo maana nashikilia kwamba, katika kazi zote za kujitolea zinazofanywa kwa jina la Mungu, misheni ya mifugo ndiyo isiyofichika ukweli wake: mgonjwa hamwonei mtu haya. Na ukiyachunguza mateke na mikwaruzo ya misheni hizo, utaona karibu yote yana chanzo kimoja. Mgeni amekuja na ratiba, mnyama naye ana yake, na mwenye banda hakuulizwa.

Chukua ng'ombe wa maziwa wa Usambara. Miteremko haina malisho ya kutosha, na tangu mradi wa hifadhi ya udongo wa SECAP uanze Lushoto mwaka 1981, wafugaji walihimizwa kufugia bandani na kupanda majani ya tembo na gwatemala kwenye kontua. Mama huyakata, huyabeba kichwani, na ng'ombe huletewa chakula kama bwana harusi. Sasa litolewe tangazo kanisani kwamba kesho saa tatu wanyama wote wawepo uwanjani. Ng'ombe ambaye hajatoka bandani tangu alipokuwa ndama anashushwa kwenye njia ya utelezi na watu wanne: mmoja kashika kamba, mmoja mkia, wawili wanatoa ushauri. Akifika amefura kiasi kwamba kumpima joto tu ni ushujaa, na kipimajoto cha ng'ombe, kwa wasiojua, hakiwekwi kwapani. Bwana mifugo wa kata angewaambia mapema kwamba dawa ndiyo ipande mlima, ng'ombe abaki alipo.

Kuku naye ana somo lake. Chanjo ya mdondo aina ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingi, ni tone moja tu jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kuku wa kienyeji hukamatika alfajiri kabla mlango haujafunguliwa, au jioni akisharudi kulala. Wageni huanza na ibada, ikafuata chai, ikafuata picha ya pamoja. Saa nne wakifika, kuku yuko migombani. Hapo daktari mwenye shahada humkimbiza tetea mteremkoni huku watoto wakimshangilia tetea. Lakini kichekesho kikubwa zaidi kiko kwenye kalenda: chanjo inadaiwa mara tatu au nne kwa mwaka, misheni inakuja mara moja.

Atatokea wa kusema kidogo si haba. Kwa kichaa cha mbwa nakubaliana naye: mbwa huletwa na watoto kwa kamba ya katani, chanjo humkinga kwa muda mrefu, na kampeni ya siku chache ikiwafikia mbwa asilimia 70 yaweza kuvunja mnyororo wa maambukizi. Si kila dawa iko hivyo. Ng'ombe akichomwa antibiotiki, maziwa yake hayafai kunywewa wala kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Mgeni keshapanda gari, maandishi ya chupa hayasomeki kwa mama, na maziwa hayo ndiyo ada ya shule. Nani atasimama bandani kusema, mwaga? Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inapotaka watoa huduma watambuliwe na Baraza la Veterinari, haimwonei wivu mtu mwema. Inataka awepo wa kuulizwa kesho.

Wengine watataka dini iwekwe kando kabisa. Sioni sababu. Wamisionari wa Betheli waliingia Mlalo mwaka 1891, na leo Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ina makao yake Lushoto. Kanisa liko pale masika na kiangazi, jambo ambalo mgeni wa wiki mbili hawezi kulidai. Ila Waislamu ni wengi milimani, na mdondo hauulizi dhehebu: kuku wa shehe asipochanjwa, wa mchungaji naye yumo hatarini. Tangazo lisomwe msikitini pia, na mahubiri yasiwe bei ya sindano.

Wasambaa, wenyeji wa milima hii, wana kumbukumbu ya mgeni aliyefaulu. Masimulizi yanasema Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, alikuja na mbwa wake, akaua nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mashamba, akagawa nyama, na hatimaye akawa mtawala Vuga. Huduma yake ilihusu wanyama vilevile, ila hakuwa na tiketi ya kurudi. Simtaki kila daktari wa kujitolea atawale Vuga. Namwomba tu, kabla ya kukata tiketi, ampigie simu bwana mifugo amuulize kinachopungua. Huenda ni mafuta ya pikipiki, na nauli ya ndege ingeyalipia mwaka mzima. Akijibiwa aje, basi aje kama msaidizi, abebe boksi la chanjo, na awahi kuamka kuliko kuku.